Je, Familia Iliyonipokea Ujerumani Hainipendi?

*"Shikamoo dada. Nina miaka 23, natokea Tanzania. Nimefika Ujerumani mwishoni mwa Septemba kujitolea mwaka mmoja kwenye makao ya wazee, mji mdogo karibu na Stuttgart, kupitia ule mpango wa serikali yao wa BFD. Naishi na familia: baba, mama na watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Sijapigwa wala kutukanwa, ila nahisi hawanipendi. Jioni chakula ni mkate na soseji za baridi. Mimi ni Mwislamu na sijui soseji zina nyama gani, kwa hiyo nakula mkate na jibini. Wakiniuliza kama nataka kingine nasema hapana asante, basi, hawarudii tena, nalala na njaa. Baada ya kula kila mtu anafunga mlango wake. Mama wa nyumba ananiachia vikaratasi: usioge muda mrefu, zima taa, chupa hii haitupwi hapa. Kuna asubuhi aliingia chumbani kwangu, akafungua dirisha lote kwenye baridi ile, akatoka bila neno. Nililia, nilijua ananiambia nanuka. Wiki iliyopita nimepewa fagio nifagie ngazi za jengo. Halafu Jumanne na Alhamisi jioni nabaki na watoto mpaka wazazi warudi usiku, na Jumamosi mbili zilizopita nimekaa nao kutwa. Silipwi, na sikuulizwa. Nikitoka kazini nimechoka hadi kichwa kinauma, naingia chumbani naongea na nyumbani mpaka usiku wa manane. Mwenzangu niliyesafiri naye anasema kwao ni raha tupu. Nimwombe mratibu anihamishe? Naogopa nikilalamika watafuta viza, na ukoo mzima ulinifanyia sherehe ya kuniaga."*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina malalamiko ya aina mbili, na umeyaandika kwa pumzi moja kama vile ni jambo moja. Kuna mkate, milango, vikaratasi na dirisha, ambayo kwa jinsi ninavyozifahamu nyumba za Wajerumani sioni chuki ndani yake. Na kuna watoto. Suala la watoto halihusiani na kupendwa. Ni suala la mkataba wako, na hata wangekupenda kama binti wa kuzaa bado lingekuwa na kasoro. Ukiyapeleka yote pamoja kwa mratibu kwa jina la "hawanipendi", atakwambia vumilia, utazoea. Hapo dai lako la haki litakuwa limezikwa chini ya mkate wa baridi.

Nianze na dirisha, kwa kuwa ndilo lililokuliza. Nyumba za kule zimezibwa barabara ili joto lisitoke: madirisha ya vioo viwili au vitatu, mpira pembeni, hakuna hata mwanya wa upepo. Mtu akilala usiku kucha anapumua unyevu mwingi, akioga anaongeza, nguo zikianikwa ndani zinaongeza. Unyevu huo hauna pa kwenda. Unagota kwenye ukuta wa baridi nyuma ya kabati, na baada ya wiki kadhaa kuvu jeusi linaanza kutambaa. Kuvu ni ugomvi mkubwa kati ya wapangaji na wenye nyumba Ujerumani, hadi mahakamani, na mikataba mingi ya kupanga inaeleza jinsi mpangaji anavyotakiwa kuingiza hewa. Ndiyo maana kila asubuhi wanafungua madirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, hata theluji ikianguka, kisha wanafunga. Wanaita *Lüften*. Ofisini wanafanya, darasani mwalimu anafanya, na bila shaka mama huyo anafanya kwenye chumba cha mwanawe wa miaka 7. Kachungulie kesho asubuhi.

Kosa lake ni kuingia bila kubisha hodi, na hilo una haki ya kumwambia. Lakini dirisha halikusema unanuka. Kuanzia kesho lifanye mwenyewe: ukiamka zungusha kile kifundo cha hita hadi sifuri, fungua dirisha lote, nenda kapige mswaki, rudi ufunge, washa tena hita. Na kwa kuwa najua utaizungusha hadi 5 ili chumba kipate joto upesi: namba zile hazipimi kasi. Namba 3 ni takriban nyuzi 20, na 5 itakuletea joto lisilo na maana na bili ya kumtia mwenye nyumba kiharusi. Tangu vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 gesi ilipanda bei sana, na familia nyingi bado zinahesabu dakika za maji ya moto. Kikaratasi cha bafuni kimetoka huko.

Vikaratasi vyenyewe najua vinaumiza. Kwetu mtu akikuandikia badala ya kukusemesha ujue mmefika pabaya. Kule mama wa nyumba humwandikia hata mumewe, kwa mkanda wa gundi mlangoni mwa jokofu, na hakuna aliyenuna. Zaidi ya hapo, mtu anayemkaribisha mgeni ambaye Kijerumani chake bado ni kichanga hudhani maandishi yatamsaidia, maana yanaweza kusomwa taratibu na kutafsiriwa kwenye simu. Kuhusu chupa, jua tu kwamba nyingine ni pesa. Chupa ya plastiki au kopo la kinywaji lenye alama ya amana lina senti 25 zako, unalirudisha kwenye mashine ya dukani na kupewa risiti ya kulipia. Chupa za glasi zisizo na amana zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani kufuata rangi ya glasi, lakini usizipeleke Jumapili, kwa sababu kelele za glasi siku ya mapumziko zitakuletea jirani dirishani. Jumapili yao imelindwa na katiba yenyewe, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya 1919, na wazee wa mtaani wanakijua kuliko wanasheria.

Fagio nalo lina historia yake. Umefikia Swabia, ndilo eneo la Stuttgart, na watu wa Swabia wana desturi ya *Kehrwoche*, zamu ya usafi wa ngazi na sehemu za pamoja za jengo. Kuna kibao kidogo kinachoning'inizwa mlangoni mwa familia yenye zamu. Wiki ikiisha kinahamia kwa jirani. Kwa hiyo hujageuzwa mfanyakazi wa ndani kwa kufagia ngazi mara moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe umeshakaa zaidi ya mwezi. Angalia jambo moja tu: zamu ijayo fagio litashikwa na nani? Kama baba anafagia, mama anafagia na wewe unafagia, umehesabiwa mtu wa nyumbani. Kama kuanzia sasa fagio ni lako kila kibao kikirudi, liandike pembeni, uliseme kwenye kikao nitakachokueleza mbele.

Mezani ndipo ninapoona unajiumiza bila sababu. Wewe umelelewa kwamba mgeni hakubali chakula kwa kuitwa mara moja. Anasema nimeshiba, mwenyeji anamsihi, anakataa kidogo, anasihiwa tena, ndipo anasogea. Aibu ya kwanza ni adabu na kusihi ni adabu. Kwao adabu ni kumwamini mtu kwa neno lake. Ukisema hapana, kukuuliza tena ni kukusumbua, kama vile hujui unachotaka. Sahani inapita, wewe unalala njaa, na wao wanalala wakijua mgeni wao halagi sana jioni. Nina hakika kabisa hawajui kwamba una njaa. Kesho ukiulizwa, na kweli unataka, sema "Ja, gerne", ndiyo, kwa furaha, papo hapo na unyooshe mkono. Utajiona mlafi kwa siku chache. Vumilia.

Mkate na vitu vya baridi jioni, *Abendbrot*, ndicho chakula cha jioni cha familia nyingi sana kule. Mlo wa moto ni wa mchana. Uliza makaoni kama wafanyakazi na wanaojitolea wanapata chakula cha mchana, na kama wanapata kile hadi ushibe. Kuhusu soseji, dhana yako ni sahihi: nyingi ni za nguruwe, na hata ile inayofanana na ya ng'ombe mara nyingi imechanganywa. Soma karatasi: *Schwein* ni nguruwe, *Rind* ni ng'ombe, *Pute* ni bata mzinga. Lakini kwanza waambie. "Ich esse kein Schweinefleisch", sili nyama ya nguruwe. Sentensi hiyo haitamkera mtu yeyote. Wajerumani wamezoea kuulizana nani hali nyama, nani hanywi maziwa. Watakachokushangaa ni kwamba umekaa wiki zote hizo bila kusema. Kama unataka nyama iliyochinjwa kwa sharia, tafuta duka la Waturuki. Ujerumani Magharibi na Uturuki walitiliana saini makubaliano ya kuleta wafanyakazi Oktoba 1961, na eneo la Stuttgart na viwanda vyake vya magari lilipokea wengi, kwa hiyo hata mji mdogo hukosi bucha. Uliza tu kama ni halali, usichukulie. Na Ramadhani isije ikawafumania: waambie nyumbani na kazini wiki kadhaa kabla, ili zamu zako zipangwe.

Milango inafungwa kwa ajili ya joto na utulivu. Mlango uliofungwa kule hausemi "usije", unasema "bisha". Shida ni kwamba na wewe umefunga wako, na wao wanautafsiri kwa kamusi yao: binti amechoka, anataka nafasi yake, tusimsumbue. Hakuna atakayekuja kukaa kitandani kwako kukuuliza mwanangu una nini. Kila upande unasubiri mwenzake aanze, na kwa kuwa wewe ndiye unayelia, itabidi uanze wewe. Usijipangie mazungumzo marefu. Chai yako inywee jikoni wakati mtu anakata mboga au anatoa vyombo kwenye mashine. Shika kitambaa, futa sufuria. Watu wengi wa kule huongea kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi kuliko mkitazamana sebuleni.

Sasa uchovu. Huenda unajilaumu kwamba kazi si ngumu kiasi hicho lakini unarudi hoi. Kusikiliza lugha usiyoimudu ni kazi yenyewe. Ukiwa kwenye Kiswahili maneno yanaingia bila kuyaita, akili inabaki huru kufikiri jambo lingine. Kwenye Kijerumani kila sentensi inabidi uishike kichwani, uikate vipande, utafute kitenzi chake kilichojificha mwishoni, na kabla hujamaliza mzee wa chumba namba fulani ameshaongeza nyingine, kwa Kiswabia, lahaja ambayo hata Mjerumani wa Hamburg inamtoa jasho. Saa 8 za hivyo zinaumiza kichwa cha mtu yeyote mwenye afya. Hali hiyo hupungua kadiri masikio yanavyozoea, mara nyingi bila mwenyewe kugundua ni lini ilianza kupungua. Kinachoichelewesha ni kukosa usingizi. Mwishoni mwa Oktoba saa zao zilirudishwa nyuma, kwa hiyo nyumbani sasa wako mbele kwa saa 2. Ukiongea nao hadi saa 6 usiku, kwao ni saa 8. Huwatendei haki wala hujitendei. Siwezi kukuambia uache kupiga, maana sauti ya mama ni dawa. Nakuambia uhamishe: piga ukitoka kazini, kwao jua likiwa limezama tu, siku mnazokubaliana, na usiku simu ikae mbali na mto.

Kuna na giza. Mwishoni mwa Desemba pale Stuttgart jua litachomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na nusu jioni. Utaingia kazini gizani na kutoka gizani. Mwili unapanga usingizi na uchangamfu kwa kufuata mwanga, na ukikosa mwanga unapooza. Wajerumani wenyewe wanaugua hilo. Mapumziko ya mchana toka nje, hata kama mbingu ni ya kijivu, kwa sababu mwanga wa mawingu bado unazidi taa ya ndani maradufu. Na kwa kuwa kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halitoshi ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi, muulize daktari akupime kabla hujaanza kumeza vidonge vya dozi kubwa ulivyoelekezwa na mtu wa WhatsApp.

Mwenzako wa raha tupu mwache na raha yake, ila usimfanye kipimo. Tangu mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alipoeneza ile dhana ya mshtuko wa utamaduni miaka ya 1950, watu wamekuwa wakifundishwa kwamba msafiri huanza na fungate, kisha hushuka, kisha hupanda. Mchoro wenyewe wa kushuka na kupanda unatokana na Mnorwe, Sverre Lysgaard, aliyewahoji Wanorwe 200 waliokuwa wamerudi kutoka Marekani, akachapisha mwaka 1955. Tatizo ni kwamba walihojiwa wakiwa wameshatoka huko, wakikumbuka. Mwaka 1998 mtafiti Colleen Ward na wenzake walitoa utafiti uliowafuata wanafunzi wa Kijapani New Zealand hatua kwa hatua, na wakakuta mambo kinyume: shida ilikuwa kubwa kuliko zote mwanzoni kabisa, walipofika. Nakuambia haya kwa sababu semina nyingi za maandalizi bado zinachora ule mchoro ubaoni, na kijana akilia mwezi wa kwanza anadhani fungate limemruka yeye peke yake. Wengi hawalipati.

Haya, watoto.

BFD ni utumishi wa kujitolea wa shirikisho, ulioanzishwa Julai 2011 baada ya Ujerumani kusimamisha jeshi la lazima. Uko chini ya sheria yake, na makubaliano yako umewekeana na serikali ya shirikisho kupitia ofisi yake iitwayo BAFzA, pamoja na kituo unachofanyia kazi. Toa ile karatasi, isome. Utaona jina la makao ya wazee, saa zako kwa wiki, posho, likizo, na siku 25 za semina kwa mwaka. Jina la familia yako halimo kama mwajiri, kwa sababu si mwajiri. Familia imekupa makazi. Kazi yako iko makaoni.

Mtu anayeishi na familia ili awaangalie watoto anaitwa *Au-pair*, ana mkataba wake, viza yake na posho yake, na hata huyo sheria inamwekea kikomo cha saa 30 kwa wiki. Wewe unafanya kazi kutwa na wazee, kisha jioni mbili, kisha Jumamosi nzima. Ukihesabu saa 4 kila jioni na 8 za Jumamosi unapata 16 juu ya wiki kamili ya kazi. Hapo hatuko tena kwenye "kusaidia kidogo nyumbani". Kukaa na watoto mara mojamoja wazazi wakiwa na shughuli, ukiombwa mapema na ukiwa na uhuru wa kukataa, ni jambo la kawaida la kuishi pamoja, na watoto hao ndio walimu wako wazuri wa lugha, maana mtoto wa miaka 4 hurudia sentensi hadi uelewe. Lakini ratiba ya kudumu ambayo hukuulizwa ni kazi ya pili.

Hata hivyo usirukie kwamba wamekuja kukunyonya. Huenda kuna mtu aliwaambia, wakati wa kutafuta familia, kwamba "atawasaidia na watoto pia". Huenda Jumanne ya kwanza walikuuliza kwa Kijerumani cha haraka ukatikisa kichwa na kutabasamu, kama tunavyofanya tukiwa hatujaelewa, wakachukua kuwa umekubali. Huenda wanajua kabisa wanachofanya. Jibu lao ukiwaambia ndilo litakalokuonyesha.

Waambie hivi. Usimvizie mama koridoni akiwa amebeba nguo, na usitume ujumbe wa simu. Omba kikao: "Können wir am Sonntag kurz über den Wochenplan sprechen?" Je, Jumapili tunaweza kuzungumza kidogo kuhusu ratiba ya wiki? Mjerumani akiombwa kikao chenye siku na ajenda anaketi kwa heshima. Siku hiyo usianze na samahani tano wala kuzunguka. Kwetu tunapitia mlango wa nyuma ili tusimvunjie mtu heshima. Kule fumbo halifumbuliwi, litabaki mezani mpaka linachacha. Sema kwa utulivu: kazi yangu makaoni ni ya kutwa, nahitaji jioni na Jumamosi kupumzika na kusoma lugha, kwa hiyo Jumanne na Alhamisi siwezi kuendelea kubaki na watoto. Kama moyo wako unataka kweli, toa jioni moja kwa wiki, kwa kuulizwa siku kadhaa kabla. Kama hutaki, usitoe hata moja, na wala huhitaji kisingizio. Humohumo malizia la nyama ya nguruwe na la kubisha hodi. Ukishamaliza, nyamaza. Watanyamaza kidogo pia. Usikimbilie kujaza kimya kile kwa kurudisha nusu ya ulichosema.

Kabla ya kikao mwandikie mratibu mistari michache: tarehe, saa, nani aliomba nini. Usiandike jinsi unavyojisikia, andika kilichotokea. Mwambie unakusudia kuzungumza nao Jumapili, na kama Kijerumani kinakutisha mwombe aje awe mkalimani. Hiyo ni kazi yake, humpi usumbufu. Kituo chako nacho kinatakiwa kiwe na mtu maalumu wa kukuongoza; mjue ni nani.

Kuhusu viza, hofu yako imekaa mahali pasipo pake. Kibali chako cha kuishi kimetolewa kwa ajili ya utumishi unaofanya, na hakikufungwa kwenye kitanda unacholalia. Kuhama nyumba hakukifuti. Kinachoweza kukiharibu ni kuacha kwenda kazini, au kuondoka kituoni bila kupanga na mratibu. Familia haina mamlaka ya kukurudisha nyumbani, na mtu yeyote anayekutishia hivyo, awe mwenyeji au mratibu, mripoti. Pasipoti yako ikae kwako, isishikwe na mtu "kwa usalama".

Je, uhame? Kwa sasa mimi nisingehama kabla ya kikao. Nyumba utakayopelekwa itakuwa na dirisha la asubuhi, mkate wa jioni na vikaratasi vilevile, na utaanza upya katikati ya baridi. Chumba cha peke yako kwenye nyumba ya kushirikiana na vijana kinavutia, na wengine wanastawi huko, lakini kwa mtu anayejifungia tayari, Desemba ndani ya chumba cha peke yake ni hatari. Kwa upande mwingine, kama baada ya kikao wiki mbili zimepita na Jumanne umeachiwa watoto tena, au wakaanza kukununia na kukubania chakula, omba kuhama bila kuona haya. Familia kubadilishwa ni jambo la kawaida kwenye mipango hii na waratibu wanalitarajia. Ukoo uliokuaga ulikutuma ukafanye kazi na wazee. Haukukutuma uolewe na familia hiyo.

Yapo mambo ambayo hayangoji kikao. Mtu mzima wa nyumba hiyo akikugusa vibaya, akiingia chumbani kwako usiku, akikuzuia kutoka, akikutukana kwa rangi yako au dini yako, ondoka siku hiyohiyo, nenda hata kwa mwenzako au kwa mfanyakazi mwenzio unayemwamini, kisha mpigie mratibu ukiwa huko. Polisi ni 110. Wanawake wanaokutana na ukatili wana simu ya bure ya saa zote, 116 016, na wanasaidiwa kwa lugha nyingi, Kiingereza kikiwemo.

Na ujiangalie mwenyewe. Kulia mara mojamoja mwezi wa pili sihangaiki nako. Lakini kama siku nyingi za wiki mbili mfululizo huna hamu ya chochote, usingizi umekataa au hutoki kitandani, chakula hakishuki hata ukiwa na njaa, nenda kwa daktari wa kawaida, *Hausarzt*, na kadi yako ya bima. Bima yako ipo na imelipiwa, na daktari hatawaambia familia wala mratibu ulichosema. Kichwa kikiendelea kuuma hata baada ya kulala vizuri wiki nzima, mwambie hilo pia. Inaweza kuwa macho tu, au shinikizo la damu. Ukihitaji daktari usiku au wikendi na si dharura, piga 116117. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, hata kwa kupita tu, usikae nayo peke yako: piga 112, au mwamshe yeyote aliye karibu, hata huyo mama wa vikaratasi.

Mratibu asipojibu ndani ya wiki, nenda kwa mkuu wa kituo au mwalimu wa semina, na ikishindikana BAFzA kwa maandishi. Ikifika kuhama kweli, usisahau usajili wa makazi: una wiki mbili tangu siku ya kuingia nyumba mpya kwenda ofisi ya manispaa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba, *Wohnungsgeberbestätigung*, pamoja na pasipoti. Anwani mpya ipeleke pia kwa ofisi ya wageni iliyokupa kibali, kwa bima yako, na benki.